Shaba na Pamba chini ya meza ya kukatia

Jumamosi iliyopita alikuja mteja kuchukua sare za shule za watoto wake. Nilikuwa nashonea vifungo vya shati la mwisho, nikamwomba asubiri kidogo. Binti yake, wa miaka tisa hivi, hakuketi. Aliinama akachungulia chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akaita kwa sauti ambayo nadhani ilifika hadi barabarani: "Baba, kuna sungura wadogo!" Jumatatu yule baba akarudi peke yake. Amewapata wawili kwa mtu wa Bwera, wamo ndani ya boksi la sabuni, na hajui aanzie wapi. "Fundi, nisaidie," akaniambia. "Mtoto ameshawapa majina, siwezi kuwarudisha."

Nilimweleza huku nashona, lakini niliona wazi kwamba ameondoka na nusu tu ya niliyosema. Basi nayaandika hapa ayasome usiku akiwa ametulia, yeye na mwingine yeyote ambaye boksi la simbilisi limeingia nyumbani kwake kabla hajajitayarisha. Mimi mwenyewe yalinikuta hivyo hivyo.

Kwa Kiswahili wanyama hawa ni simbilisi. Hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, utasikia wakiitwa panya wa kizungu au sungura wadogo, na jirani zangu waliotoka Kongo huwaita kobayi, neno walilolitoa kwenye Kifaransa. Si sungura, na hilo litakuja kuwa muhimu huko mbele. Asili yao ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambako watu wa Peru, Ekwado na Bolivia wamewafuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Kongo ya mashariki nako wanafugwa kwa nyama, mara nyingi jikoni, wakizungukazunguka miguuni mwa mpishi na kuokota maganda. Sina ugomvi na anayewala. Wangu ni wa kukaa nami, na tofauti hiyo ina uzito: wa nyama hahitaji kufika miaka sita, wangu nataka afike, na ikiwezekana apite. Simbilisi aliyetunzwa vizuri huishi miaka mitano hadi minane. Anayemletea mtoto wa darasa la tatu ajue kwamba huenda mnyama huyo akawa bado yupo mtoto anapofanya mtihani wa sekondari.

Shaba aliingia kwangu kama malipo ya deni. Jirani yangu mmoja, mama aliyetoka Beni, nilikuwa nimemshonea vitenge viwili vya harusi, akabakisha shilingi 15,000. Siku moja akaja na kikapu kilichofunikwa kwa khanga. "Mama fundi," akasema, "pesa haijapatikana, lakini huyu ni jike mzuri, utamla au utamzalisha." Nilifunua khanga nikaona macho meusi mawili na manyoya mekundu ya kung'aa. Mimi nimekulia Kilembe, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba, ambako baba alifanya kazi hadi uchimbaji ukasimama. Rangi ile naijua tangu nikiwa mdogo. Nikamwita Shaba palepale, na mtu akishampa mnyama jina, habari ya kumla imekwisha.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla ya jua kuzama. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la zamani la sungura la kitinda mimba wangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshakwenda shule ya bweni na nyumba ilikuwa kimya mno. Lilikuwa limeinuliwa kwa miguu ya mbao, sakafu ya waya ili uchafu udondoke chini, paa la bati. Nilifikiri nimempa jumba. Kumbe kila kitu cha banda lile kilikuwa kibaya kwake.

Nianze na waya. Nyayo za simbilisi hazina manyoya ya kuzikinga kama za sungura. Ni ngozi tupu, laini kama kiganja cha mtoto. Akisimama juu ya waya mchana na usiku zinachubuka, vidonda vinaingia, na vidonda vya nyayo ni vigumu sana kupona kwa sababu mnyama hawezi kuacha kuzikanyagia. Mguu mdogo pia unaweza kupenya kwenye tundu na kuvunjika. Yeye anahitaji sakafu iliyozibwa kabisa, na juu yake kitu laini.

Bati ndilo lililokaribia kuniulia mnyama. Kasese si Kabale kwenye baridi. Tuko bondeni chini ya Rwenzori, mstari wa ikweta unapita kusini kidogo tu ya mji, na mwezi wa pili mchana unaweza kukaanga yai juu ya bati. Simbilisi ni mnyama wa milima ya baridi. Anastarehe kwenye joto la nyuzi 18 hadi 24, na likipita 28 huanza kuteseka, hasa kama hewa haizunguki. Hatoi jasho kama sisi, wala hahemi akajipoza kama mbwa. Siku ya sita tangu aje, saa nane mchana, nilitoka kumpelekea majani nikamkuta amelala ubavu, miguu ameinyoosha nyuma, kidevu kimelowa mate, mbavu zinakwenda mbio. Nilidhani anakufa. Nikamkimbiza ndani, nikamlaza kwenye sakafu ya saruji, nikalowesha kipande cha kitambaa cha pamba kwa maji ya mtungi, nikawa namfuta masikio, nyayo na tumbo, polepole. Nashukuru sikuwa na friji siku ile, maana ningemmwagia maji ya barafu. Baadaye niliambiwa maji ya baridi kali humshtua mwili na kumaliza kazi ambayo joto limeianza. Baada ya nusu saa alikunywa maji kidogo kutoka kwenye kijiko. Jioni alikula jani moja. Mimi usiku ule sikula.

Hapo ndipo alipohamia chini ya meza ya kukatia. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba, ukuta wa matofali, dari ya mbao chini ya bati, na sehemu yenye ubaridi kuliko zote ni sakafu ile iliyo chini ya meza, mbali na dirisha. Kabla hujanunua chochote, bwana mteja wangu, fanya hivi: saa nane mchana tembea nyumbani kwako peku, chumba hadi chumba. Pale nyayo zako zitakapopoa ndipo mahali pa simbilisi wako. Pasiwe jikoni penye moshi wa sigiri, pasiwe pa kupigwa na upepo wa mlango, na pasiwe karibu na redio. Masikio yao ni makali sana. Cherehani wamezizoea, lakini nikidondosha mkasi hadi leo wote wawili hutoweka.

Sasa kizimba chenyewe. Watu huuza vitundu vidogo vya ndege wakakwambia vinatosha. Havitoshi. Simbilisi si mnyama wa kupanda juu, yeye hukimbia, kwa hiyo nafasi anayoitaka ni ya chini. Kwa wawili usishuke chini ya urefu wa sentimita 120 kwa upana wa 60, na ukiweza kuongeza, ongeza urefu. Changu kina sentimita 150 kwa 70 kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwepo kati ya miguu ya meza. Seremala wa mtaa wetu alinitengenezea fremu ya mbao zenye kimo cha sentimita 40, sakafu ya plaiwudi, na juu kifuniko cha wavu wa matundu ya nusu inchi. Usitumie waya wa kuku wa matundu makubwa, kwa kuwa panya wa kawaida na nyoka wadogo wanapita. Kifuniko si cha kuwazuia wao kutoka, ni cha kuwazuia wengine wasiingie. Paka wa jirani alikaa juu ya wavu ule wiki nzima ya kwanza.

Kilichobaki ni matandiko, na hapo nisamehewe nikirefusha, maana hii ndiyo sehemu ambayo mimi najua kuliko wengi.

Nilijaribu vumbi la mbao kutoka kwa seremala kwa sababu ni la bure. Shaba alipiga chafya siku mbili mfululizo. Vumbi laini linaingia mapafuni, na mbao nyingi za hapa zimepakwa dawa ya mchwa, kwa hiyo mnyama analala juu ya sumu. Maranda makubwa, yale mapana yanayojikunja, ni afadhali, ilimradi uwe na hakika mbao hazikutiwa dawa na umeyapepeta vumbi likaisha. Maganda ya kahawa yanayotandikwa kwenye mabanda ya kuku sikuyathubutu, maana simbilisi hutafuna kila anacholalia.

Jibu nililipata sokoni kwenye mitumba. Kuna kitambaa cha flisi, kile cha majaketi na mablanketi mepesi ya baridi, ambacho hapa kwetu kwa sababu ya joto hakina wanunuzi, unakipata kwa bei ya kutupa. Flisi ina tabia ya ajabu: ikishafuliwa mara kadhaa, maji yanapita katikati yake na juu inabaki kavu. Kwa hiyo chini naweka taulo kuukuu mbili za kunyonya, juu flisi, nashona kingo zote nne na mistari miwili ya mshono inayokatiza katikati ili visijikunje. Ifue mara nne au tano kwa sabuni ya kawaida kabla ya kuitumia, na usitie kabisa dawa ya kulainisha nguo, maana inaziba njia za maji. Ukitaka kujua kama iko tayari, idondoshee kijiko cha maji. Yakikaa juu kama lulu, rudi kwenye karai. Yakizama, tandika.

Nyuzi ndizo za kuogopa. Uzi mmoja ulioachia unaweza kujizungusha kwenye kidole cha simbilisi na kukikata damu usiku mmoja. Mimi nakunja kingo mara mbili, napiga mshono wa karibu karibu, kisha napitisha mkono mzima nikitafuta mkia wa uzi. Nina vipande vitatu vya kubadilishana. Kila asubuhi nakung'uta vinyesi kwa brashi ya nguo, na kila siku ya tatu nafua. Ukifanya hivyo hakuna harufu. Wateja wananikuta nao na hawajui kama kuna mnyama ndani hadi wasikie mlio.

Kwenye mabaki ya vitambaa nimewashonea pia vibanda vya kujifichia, viwili, kila kimoja chenye milango miwili. Hesabu hiyo ina sababu. Simbilisi ni mnyama anayeliwa na kila kitu, na moyo wake umejengwa juu ya kukimbilia shimoni. Kibanda chenye mlango mmoja kinamfanya dhaifu anaswe ndani na mwenye nguvu. Milango miwili, mmoja anaingia huku mwingine anatoka kule, ugomvi umekwisha.

Nimesema wawili, lakini Shaba alianza peke yake. Kwa wiki tatu alikuwa anakula, ananywa, na kukaa pembeni akitazama ukuta. Niliona ametulia, nikafurahi. Mama wa Beni alipopita kunisalimu akamtazama kidogo, akatikisa kichwa: "Mama fundi, huyu hajatulia. Huyu anangoja mwenzake." Simbilisi huishi kwa makundi, na upweke kwao ni maradhi hasa. Nchini Uswisi, tangu mwaka 2008, sheria inamkataza mtu kufuga simbilisi mmoja peke yake. Na usijaribu kumpa sungura kuwa mwenzake. Sungura ana mateke yanayoweza kuvunja mgongo wa simbilisi, chakula chao si kimoja, na sungura anaweza kubeba vijidudu kifuani bila kuugua, akampa simbilisi kichomi kikamuua.

Ndipo akaja Pamba, mweupe wote isipokuwa sikio moja. Siku ya kwanza niliwakutanisha kwenye sakafu tupu ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, nikaweka rundo la nyasi katikati. Shaba alinguruma, akatikisa makalio, wakafukuzana mizunguko kadhaa. Nilijizuia kuwatenganisha, maana hapakuwa na damu wala meno ya kugonganishwa kwa hasira. Baada ya saa moja walikuwa wanakula nyasi hiyo hiyo kutoka ncha mbili. Na asubuhi ya pili nilimwona Shaba akiruka juu hewani, akijipinda kama punje ya bisi inayopasuka, tena na tena, peke yake, bila sababu. Nilisimamisha cherehani. Sikuwahi kujua kwamba furaha ya mnyama mdogo inaweza kuonekana wazi kiasi hicho.

Pamba alikuja na mimba ambayo hakuna aliyeijua. Siku sabini hivi ndizo mimba yao, na watoto huzaliwa wana manyoya, macho yamefunguka, na siku hiyo hiyo wanakimbia. Walikuwa wawili, jike na dume. Nawaambia kwa haraka lililo muhimu: dume mdogo anaweza kupandisha mama yake na dada yake akiwa na wiki tatu tu, kwa hiyo siku ya ishirini na moja nilimtoa. Na jike ambaye hajawahi kuzaa akafika miezi saba au minane, asipandishwe tena, maana mifupa ya nyonga imeshakaza na kuzaa kunaweza kumuua. Kwa hiyo wewe uliyenunua wawili Bwera, kesho asubuhi mtafute anayejua, awageuze awatazame. Muuzaji alisema majike? Hata mimi niliambiwa mengi.

Msimu wa mvua kuna siafu. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi nilisikia mlio ambao sikuwahi kuusikia, mkali, wa mfululizo. Niliwasha simu nikaona mstari mweusi umepita chini ya mlango, umefuata ukuta, umefika mguu wa meza. Watatu wa kwanza walikuwa wameshampata Pamba kwenye mdomo. Niliwanyofoa mmoja mmoja kwa kibano cha kutolea nyuzi, nikawafungia wanyama bafuni ndani ya karai hadi alfajiri, nikamwaga majivu na maji ya moto mlangoni. Siafu humla kifaranga aliyefungiwa hadi mifupa, na simbilisi aliyefungiwa ni kifaranga tu. Tangu siku ile kizimba changu kimeinuliwa kidogo kwa miguu mifupi ya mbao, na kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji yenye tone la sabuni. Yanakauka haraka kwa joto letu, kwa hiyo nayatazama kila jioni pamoja na kufunga mlango.

Kuhusu chakula, ukumbuke neno moja: nyasi. Meno yao hayaachi kukua maisha yote, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Matumbo nayo yasiposukumwa na nyuzinyuzi yanasimama. Nyasi ziwepo usiku na mchana, zisiishe. Mimi nakata uwanja wa kanisa letu, ambako najua hakuna anayepuliza dawa. Sikati kando ya barabara kuu wala pembezoni mwa mashamba ya Mubuku yanayopulizwa. Majani ya tembo natoa sehemu laini, mashina magumu naacha. Nyingine nazikausha kivulini juu ya magunia siku tatu, nikizigeuza, na zikitoa harufu ya ukungu natupa zote. Zilizokatwa zikalala kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, hadi zikapata joto usiwape, zinajaza tumbo hewa.

Juu ya nyasi, kila mmoja hupata mboga kikombe kimoja kwa siku: sukuma wiki, majani ya kotmiri, kipande cha pilipili hoho, dodo (mchicha) mara chache tu kwa sababu ikizidi inaweza kusababisha vijiwe kwenye kibofu. Mapera wanayapenda kupita kiasi, nawapa kipande chembamba. Visivyoruhusiwa kwangu ni majani ya muhogo, majani ya nyanya, kitunguu, viazi vilivyochipua, maharage makavu, ganda na majani ya parachichi, posho (ugali), mkate, na yale maua ya rangi rangi ya lantana ambayo watu wamepanda kama ua. Chakula cha kuku pia hapana, kinaweza kuwa na dawa za kuku ndani. Cha sungura hakina vitamini C ya kutosha.

Na hiyo vitamini C ndiyo iliyonifundisha kushika mizani.

Mwaka jana nilifiwa na shangazi Mbarara, nikakaa huko wiki tatu. Niliwaacha wanyama kwa kijana wa ndugu yangu. Ni kijana mwema, hakukosa siku hata moja kuwalisha, lakini ulikuwa ukame, majani mabichi yalikuwa mbali, akawapa nyasi kavu na pumba za mahindi. Simlaumu, mimi ndiye sikumweleza. Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi anaweza, sungura anaweza, yeye hawezi. Akikosa wiki mbili au tatu anaingia kiseyeye, ugonjwa ule ule wa mabaharia wa zamani.

Niliporudi Shaba alikuwa amechoka kidogo. Pamba alikuwa amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, na nilipochakachua kavera ya mboga hakuja mbio akipiga ule mlio wao wa filimbi. Nilipombeba alilia. Mguu wa nyuma aliuburuta. Nilikwenda duka la dawa, muuzaji akanipa vidonge vya amoksisilini, nigawe kimoja mara nane. Nilivilipia. Namshukuru Mungu kwamba niliamua kwanza kumpigia daktari wa mifugo, mtu ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi, na akaja kwa bodaboda jioni ile ile. Alivitazama vile vidonge, akaviweka mfukoni mwake. "Mama, hivi ungempa ungemuua kabla ya kiseyeye." Dawa za jamii ya penisilini, zikipita mdomoni mwa simbilisi, zinaua vijidudu vyema vya tumboni na kuacha vibaya vitawale. Mnyama anaharisha, anakufa ndani ya siku chache. Ziko dawa nyingine za kuua vijidudu anazozimudu, lakini uchaguzi huo ni wa daktari. Tafadhali, hata ukisahau yote niliyoandika, hili libaki.

Alifunua ufizi wa Pamba, ulikuwa unatoa damu. Akaagiza vitamini C ya vidonge vya watu, nusu ya kidonge cha miligramu 100 kila siku, nisage na maji kidogo, nimpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa pembeni ya mdomo, taratibu asipaliwe. Nisiweke kwenye maji ya kunywa, maana huko nguvu yake inapotea haraka. Siku ya nne alinyakua jani mwenyewe. Siku ya tisa mguu uliacha kuburuta.

Kilichoniuma ni kwamba dalili zilikuwepo kabla, ila simbilisi huzificha. Porini anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza, kwa hiyo yeye atakaa kama mzima hadi asiweze tena. Macho yetu yanachelewa, mizani haichelewi. Sasa kila Jumapili baada ya misa nawapima kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli, na kuandika kwenye daftari langu la vipimo, baina ya kifua na kiuno cha wateja. Ukurasa wa Pamba unaonyesha gramu 870 kabla ya safari, 760 niliporudi, 885 Jumapili hii. Akipoteza gramu hamsini kwa wiki sisubiri. Na asipokula kabisa nusu siku, au vinyesi vikikoma, hilo ni jambo la kumwita daktari siku hiyo hiyo, si kesho.

Siku hiyo ya Jumapili nawatazama pia manyoya. Akijikuna hadi kuchubuka, huenda ni utitiri. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya ni choa, ambayo inaambukiza watoto, kwa hiyo mikono ioshwe. Kucha nakata kila mwezi kidogo kidogo, nikiepuka mshipa. Maji nabadilisha kila asubuhi. Chupa yangu ni ya maji ya dukani niliyoifunga chuchu ya kunyweshea kuku, na naigusa kwa kidole kila siku kuhakikisha inatoa, kisha naweka na bakuli zito la udongo endapo itaziba.

Bwana mteja, umeniuliza pia gharama. Mbao na seremala ndizo zilizokula pesa, nyasi ni jasho tu, mboga ni zile zile za nyumbani. Flisi usinunue. Nimebakiwa na blanketi zima la kijani na taulo tatu, na nafasi ya kushona nitaipata Alhamisi mchana. Pima kizimba kwa ndani, urefu na upana, usikisie kwa mkono. Njoo na binti yako achague rangi ya vibanda.